Mbio za Dakika Mia na Sitini

Nisikilizeni kidogo, jamaa zangu, na hasa ninyi mnaouguza watu majumbani. Habari hii haina jambazi wala mlevi. Anayekosea humu ni mtu mwema, na ndiyo maana kuisimulia kunanipa shida.

Ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu, safi, isiyo na makelele. Kila asubuhi mke wa nyumba hiyo alimwosha mama mkwe wake, akamvalisha, akamnywesha uji, kisha akaenda kazini. Alikuwa dobi wa hoteli; kutwa nzima anakunja mashuka ya wageni ambao hatawaona. Mumewe alibaki. Yeye alikuwa fundi wa vifaa vya umeme, na karakana yake ilikuwa chumba cha mbele: meza moja, taa ya kuinamisha, makopo ya skrubu, na harufu ya risasi ya kuchomelea iliyoyeyuka. Chumba cha pili ndimo alimolala mama yake.

Mama huyo alikuwa amepigwa na kiharusi. Mkono na mguu wa kushoto vilikuwa vimegoma, na maneno yake yalitoka polepole, moja moja. Akili ilikuwa timamu na ulimi, ingawa mzito, haukuacha utani.

"Hicho kijitu chako leo kimeruka ukuta?" alikuwa akimwuliza mwanawe.

"Kimeruka, mama. Kimeanguka mtoni."

"Kifundishe kuogelea. Kila siku mtoni tu!"

Kijitu kilikuwa cha gemu. Fundi alikuwa na kipaji cha kufufua mashine za gemu za zamani, zile za kaseti, zinazotaka televisheni nene ya chogo. Watu waliziokota kwenye mabohari, zimeliwa na kutu, nyaya zimetafunwa na panya, wakamletea. Yeye alizifungua, akasugua, akachomelea, na baada ya siku mbili zikawaka. Vijana ambao hawakuwa wamezaliwa zilipotengenezwa walizipigania. Hawakutaka kuzicheza kama tulivyocheza sisi, kwa kusindikiza jioni. Walizigeuza mbio. Unawasha gemu, saa inaanza kuhesabu, unaimaliza yote, saa inasimama. Mwenye muda mfupi ndiye bingwa, na mabingwa walitoka dunia nzima, wakikutana mtandaoni.

Fundi naye alikimbia. Gemu yake ya kwanza ilichukua dakika ishirini na nane. Alikuwa akimaliza kazi ya mteja, anakimbia mara moja, anamtazama mama, anarudi mezani. Hakuna aliyepungukiwa. Nayasema haya makusudi, asije mtu akanisingizia kwamba nimekuja kuwatukana wacheza gemu. Miaka miwili ilikwenda hivyo, kwa amani.

Kazi yake kwa mama ilikuwa moja tu kubwa: kumgeuza. Nesi aliyewatembelea kila baada ya wiki mbili alikuwa ameibandika karatasi ukutani, yenye mistari na saa. Kulia, chali, kushoto, kila baada ya saa mbili.

"Mtu mzima wa afya hujigeuza usiku kucha bila kujua," nesi aliwaambia. "Huyu hawezi. Nyama ikilaliwa muda mrefu hainywi damu, inakufa. Kidonda cha kulalia kinaanza kama wekundu kidogo, mnadhani ni joto. Msicheze nacho."

Fundi akaitikia. Tena, kwa ufundi wake, akatengeneza kitufe akakifunga karibu na mkono mzima wa mama, na waya hadi karakana. Mama akibonyeza, taa nyekundu inawaka mezani. Nesi alimsifu sana. Mtoto wa namna hii, alisema, wako wangapi?

Basi yakaja mashindano mapya. Waandaaji walikuwa wamefufua gemu ndefu, ya kasri na mapango, ambayo watu walikuwa wameisahau. Bingwa aliyetangulia alikuwa ametumia dakika mia na sitini na tatu. Wakatangaza: nani atashuka chini ya mia na sitini?

Fundi aliijua gemu hiyo tangu utotoni, kila jiwe la pango. Moyo ukamruka.

Piga hesabu nami, ndugu msikilizaji. Mama anageuzwa kila baada ya dakika mia na ishirini. Mbio zinachukua mia na sitini. Na saa ya mbio haisimami. Uende msalani, mlango ugongwe, nyumba iungue, yenyewe inahesabu. Dakika arobaini hizo zilizozidi ndizo zilizoibomoa nyumba.

Siku ya kwanza alimweleza mama mwenyewe, kwa heshima. "Mama, leo nitachelewa kidogo kukugeuza. Nikimaliza tu nakuja."

"Kidogo si neno, baba. Maliza."

Angekuwa anakimbia mara moja kwa siku, labda nisingekuwa na la kusimulia. Lakini mbio ndefu ni mtego. Unafika dakika ya mia, kidole kinateleza, kijitu kinakufa, unaanza upya. Unafika ya mia na thelathini, unaanza upya. Kumbe saa nne zimepita, na mama yuko chali vilevile.

Karatasi ilimsumbua. Nafasi tupu zilimtazama. Asubuhi moja, kabla ya kuanza, akaweka tiki kwenye nafasi ya saa nne, akijua atamgeuza saa nne na nusu au tano. Hakuona kwamba ni uongo. Alijiambia ameandika jambo lililoko njiani. Wiki iliyofuata akawa anaweka tiki za siku nzima kwa mkupuo, baada tu ya mkewe kufunga mlango. Karatasi ikawa nzuri kuliko ilivyowahi kuwa.

Jioni mkewe, akimwosha mama, aliona wekundu juu ya kitako, mpana kama kiganja.

"Mume wangu, unamgeuza kweli?"

"Karatasi si hiyo hapo?"

"Sikuulizi karatasi. Nakuuliza wewe."

"Namgeuza! Unadhani nakaa hapa nafanya nini kutwa?"

Mke akamtazama mama mkwe. Mama akatazama ukuta. "Ni joto tu, binti yangu," alisema. Mama gani atamchongea mwanawe?

Nesi alipokuja akaisoma karatasi, akastaajabu. Kwa kugeuzwa hivi, alisema, ngozi haikupaswa kuharibika. Basi kasoro itakuwa chakula. Akaagiza mayai, maziwa na maharage, akaenda zake. Mke akanunua mayai. Mama akalishwa mayai mawili kila asubuhi, akiwa amelalia nyama inayokufa. Tiki zile zilimpumbaza hata aliyesomea kazi yake.

Kuna jambo jingine, nalo ni gumu kulisema. Ile taa nyekundu ilipowaka, mwanga wake uliangukia kioo cha televisheni, ukamchanganya macho mahali pa kuruka. Mbio mbili ziliharibika hivyo. Fundi akachukua kopo tupu la skrubu akaifunika. Alijiambia ataifunua kila akimaliza. Mara nyingine alikumbuka.

Mama alibonyeza. Alipoona hakuna ajaye, alijua mwanawe yuko mapangoni.

Alasiri moja ya katikati ya wiki, Fundi alimaliza kwa dakika mia na hamsini na tisa na sekunde kumi na mbili. Hakuna mtu duniani aliyewahi. Aliruka hadi kiti kikaanguka. Kamera ndogo ilikuwa imerekodi yote, kwa kuwa kanuni ilidai hivyo: ionekane mikono, kionekane kioo, isikike sauti ya chumba, pasiwe na ujanja. Akaituma kwa waamuzi papo hapo. Watu hao walifanya kazi kwa kujitolea, kila mbio walizitazama tangu mwanzo hadi mwisho, na foleni ilikuwa ndefu.

Kisha akaenda kumgeuza mama, akitabasamu. Shuka lilikuwa limelowa usaha, na harufu ilimfikia mlangoni. Ngozi ilikuwa imefunguka.

Alimwosha, akamfunga bandeji. Mkewe aliporudi alikuta homa imepanda. Walimpeleka hospitali jioni hiyohiyo. Daktari alifunua kidonda, akakifunika tena, akawaita nje.

"Kilianza kuoza chini ya ngozi, sasa kimefika mfupani," alisema. "Na uchafu umeingia kwenye damu. Alikuwa anageuzwa?"

Mke akamgeukia mumewe. Fundi akasema, "Karatasi ipo." Ndilo jibu lililomtoka. Aibu ya jibu hilo nadhani bado anayo.

Mama aliishi siku nane. Siku ya sita, homa ilipotulia kidogo, alimshika mkwewe mkono. "Usimgombeze," alisema, neno moja moja. "Alikuwa na kazi." Siku ya nane alifariki, kabla ya adhuhuri, mwanawe akiwa koridoni anaulizia dawa.

Watu walikuja kuzika, wakamsifu Fundi kwa alivyomtunza mama yake. Aliwaitikia wote. Alikubali sifa ambayo kila neno lake lilimchoma, maana kuikana kulitaka aeleze.

Wiki mbili baadaye alikuwa karakanani, hajagusa kitu. Simu ikalia kengele ya ujumbe. Ulitoka kwa mwamuzi mmoja wa nchi ya mbali, ambaye hakuwahi kuonana naye, umeandikwa kwa lugha ya mashindano. Nawawekea maana yake:

"Hongera. Nimetazama mbio zako zote. Muda wako umekubaliwa, wewe ndiye wa kwanza. Naomba uniwie radhi kwa swali lisilohusu gemu. Kuanzia saa ya pili hivi kuna sauti nyuma yako. Sijui lugha yenu, ila nadhani ni mtu mzima anaita. Naona ulikuwa umevaa spika za masikioni. Natumaini alikuwa salama."

Mkewe alikuwa mlangoni, na kikapu cha nguo kiunoni. "Ni nini?"

Fundi akafungua ile video, akaipeleka mbele, akaongeza sauti.

Muziki wa gemu ukivuja kwenye spika za masikioni. Vidole vikigonga vitufe. Kisha, kwa mbali, kutoka chumba cha pili: "Baba." Vitufe vikaendelea. "Baba, njoo unigeuze." Kijitu kikaruka ukuta. "Mgongo unaniwaka, baba." Kijitu kikapita mto. Muda mrefu ukapita, sauti ikarudi, safari hii ya chini, ya mtu anayeongea na nafsi yake: "Haya. Amalize kwanza."

Mke akaweka kikapu chini.

Wakasikiliza hadi mwisho. Wakasikia kiti kikianguka na Fundi akipiga kelele za furaha. Na katikati ya kelele zile ikasikika sauti ya mama, imechangamka, inajitahidi kufika karakana:

"Umeshinda? Baba, umeshinda?"

Aliuliza mara mbili. Video ikaishia hapo, hajajibiwa.

Fundi aliinamisha kichwa mezani, akalia kwa sauti kama mtoto. Hapo ndipo alipomwambia mkewe yote: tiki, kopo, siku zile za kumwacha chali saa nne nzima. Hakumficha hata moja. Mkewe alisikiliza akiwa amesimama.

"Mimi nilikuuliza," alisema. "Nilisimama hapahapa nikakuuliza. Ungeniambia huwezi, ningeomba zamu ya usiku. Ningepata namna. Kusema 'siwezi' kungekugharimu nini?"

Fundi akawaandikia waamuzi wafute muda wake. Hawakuelewa; walimwambia mbio ni halali. Akaomba tena, wakafuta. Mwezi haukuisha, kijana mmoja wa nchi nyingine akamaliza kwa dakika mia na hamsini na nane, na watu wakamshangilia huyo.

Mke hakuondoka, ingawa wapo waliodhani ataondoka. Anakaa, anapika, anaulizwa jambo anajibu. Utani ule wa nyumba hiyo haupo tena, na wawili hao hula wakitazama sahani.

FUNZO

Ndugu zangu, gemu haikumuua mama huyu. Fundi angeweza kuwa mshonaji, mwenye kitabu, hata mtu wa ibada, yaliyompata yangempata. Kosa lake lilikuwa kupokea mzigo wa mtu asiyeweza kujigeuza, kisha kumpa masazo ya muda wake, na kuandika kwamba kazi imefanyika kabla hajaifanya. Mgonjwa halindwi na karatasi. Analindwa na mikono, kwa saa yake.

Pili, msimwache mtu mmoja kutwa nzima na mgonjwa, miezi na miaka, kisha mkaridhika kwa kumsifu. Gawaneni zamu. Na wewe uliyeachiwa, ukichoka, au ukitamani jambo lako, sema. Kutamani si dhambi. Sema mapema, mbele ya watu, wakati ngozi bado nzima.

Tatu, wagonjwa wetu wanatupenda, na kwa mapenzi hayo watatuficha maumivu yao ili tusikatizwe. Mama akikwambia maliza kwanza, usimalize kwanza. Inuka uende ukamgeuze.