Mwalimu Aliyeacha Kusahihisha

Walikutana kwenye foleni ya fotokopi, watu wamesongamana mpaka mlangoni. Yeye muuguzi, gauni jeupe limenyooshwa kwa pasi. Nyuma yake mwalimu wa Kifaransa, shati la bluu lenye vumbi la chaki mfukoni. Muuguzi alikuwa akinong'ona maneno ya mtihani wake wa mazungumzo ya Kifaransa.

"Médi-CA-ment..."

"Sista, umeutua mzigo njiani," mwalimu akasema. "Sisi hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Kifaransa husubiri mpaka mwisho kabisa. Mé-di-ca-MENT."

"Na wewe nani, redio?"

"Redio haiwezi kukununulia chai."

Muuguzi akacheka. Ikawa kila Jumamosi wanasoma jikoni kwa shangazi yake. Mwalimu alimfundisha kwamba konsonanti iliyo kati ya irabu mbili huenda na irabu inayofuata: hô-pi-tal. Aligonga meza kwa kidole, polepole, polepole, kisha kwa nguvu. Muuguzi akagonga naye. Vidole vikagusana, vikakaa.

Baada ya miezi mitatu muuguzi alimpigia simu.

"Mpenzi, nikifaulu, hospitali ya kule ng'ambo inanichukua. Miaka mitano!"

"Hongera, roho yangu."

Jumamosi iliyofuata muuguzi alisoma "malade", yaani mgonjwa, kwa mkazo wa Kiswahili kabisa: ma-LA-de. Mwalimu alikitazama kitambaa cha manjano kichwani mwake, akaitazama shingo yake.

"Safi," akasema.

Jumamosi saba, na kila kosa akaliita safi.

Muuguzi hakufaulu. Karatasi ya matokeo ilisema silabi hazikugawanywa sawasawa, na mkazo haukuwa mahali pake. Akampigia mwalimu.

"Mwalimu." Hakusema mpenzi. "Haya ulinifundisha siku ya kwanza. Nilipoyasahau, mbona ulinyamaza?"

"Niliogopa."

"Nini?"

"Kubaki peke yangu."

Huko jikoni kwa shangazi sufuria ilikuwa ikichemka, hakuna aliyeiepua.

"Fomu ya hospitali ina nafasi ya mume," muuguzi akasema. "Wanampa nauli na kibali cha kazi. Nilishaandika jina lako. Nilikuwa nasubiri nifaulu ndipo nikwambie."

"Tufunge ndoa hata kesho, mpenzi. Utarudia mtihani, nitakufundisha mwenyewe."

"Utanifundisha nini, na nitajuaje kama ni sahihi?"

Simu ikakatika.

Jumamosi mwalimu alikwenda na pete, shati jipya, viatu vimeng'aa. Shangazi alifungua mlango nusu.

"Yuko darasani, baba. Amepata mwalimu mwingine," akasema kwa upole. "Nenda nyumbani."