Sindano Mbili

Cherehani ina sindano moja, hata mtoto anajua. Lakini fundi cherehani yule, mama aliyeshonea sare nusu ya mtaa, alikaa asubuhi moja mbele ya mashine yake, uzi mkononi, akaziona mbili. Akapikicha macho. Bado mbili.

Mumewe aliitwa Najua. Majirani walimpa jina hilo kwa kuwa kila alipofungua kinywa alianza na neno hilo, na debe tupu haliachi kuvuma. Kazi yake ilikuwa kufuga njiwa darini, juu ya chumba cha kushonea, na kinyesi chao hakuwahi kukifagia, eti kinatunza joto. Kilipokauka kikawa unga, ukapenya kwenye nyufa za dari, ukatua juu ya vitambaa na kichwani kwa mkewe.

Kichwa kikaanza kumuuma. Shingo ikakakamaa. Mwanga ukamchoma macho, akaziba dirisha kwa mashuka, akawa anakaa gizani mchana kweupe, akilalamika kwamba kuna kitu kinakwaruza.

"Ni njiwa, dada," mdogo wake alimnong'oneza. "Twende hospitali."

"Siyo hao. Hiki kimo ndani ya kichwa."

Najua akadakia kwamba anajua: ni jini, na majini hayatibiwi kwa sindano. Shemeji yake alimsihi mpaka akachoka. Sikio la kufa halisikii dawa. Najua akamleta mganga mwenye vidole vilivyojaa pete na kichwa kitupu, naye akategea dari sikio, akatangaza kwamba jini amepanga huko juu na lazima mgonjwa avute vumbi la makao yake. Basi Najua, bingwa wa mabingwa, akapanda mwenyewe, akakomba unga ule wa kijivu kwa viganja, akakohoa, akashuka, akamfunika mkewe blanketi na kuupepetea humo ndani, na harufu kali ya kuchoma pua ikajaa chumba kizima, na chini ya blanketi mama yule akaanza kucheka kwa sauti isiyo yake, nzito, ya kukoroma, akiwaita kwa majina watu waliokwisha kufa, huku njiwa wote wakinyamaza kwa pamoja na mkwaruzo ukiendelea vilevile.

Mganga ndiye aliyetangulia kutoka mbio.

Mdogo mtu hakuomba ruhusa tena, akamkokota dada yake hadi hospitali. Daktari alivuta maji ya uti wa mgongo, akayapima, akakuta kuvu, ile inayoota kwenye kinyesi cha ndege, ikavutwa kwa pumzi na kupanda hadi kwenye ubongo. Dawa ziliuokoa uhai wake. Macho yalikuwa yamekwisha kupofuka, hayakurudi.

Najua alipita nyumba kwa nyumba akijisifu kwamba jini ametoka. Njiwa akawauza. Siku mkewe aliporudi kwenye cherehani, akiipapasa kwa huzuni, alijitolea kumtungia uzi, bwana mwema huyo. Akainama. Akakawia.

"Mke wangu," alisema polepole, "nitunge ipi kati ya hizi mbili?"

Fundi aliacha kupapasa. Hofu ilimshika. Juu, kwenye dari isiyo na njiwa hata mmoja, kitu kilikwaruza, kisha kikatulia.

"Sindano ni moja," alisema.