Dawa ya Maji

Majirani zangu, dada yangu mwenyewe nusura nimuue kwa kijiko cha chai. Chekeni tu, na mimi nacheka, kwa sababu yu hai na asubuhi hii kanitukana vizuri kabisa. Lakini sikilizeni ilivyokuwa. Mimi fundi friji, stashahada imening'inia ukutani, nilishindwa na maneno matatu ya Kiswahili!

Siku aliyotoka hospitali tulifurahi jamani! Dada yangu mnamjua, mshonaji wa pale kona. Moyo wake ulikuwa umechoka kusukuma damu, mwili ukajaa maji, akalazwa. Wakamtibu hadi miguu ikarudi kuwa miguu. Alipoanza kuwakosoa wauguzi kwamba sare zao zimeshonwa vibaya, nikasema huyu kapona, nikaenda kumchukua. Nyumbani binti yake, yule msusi, alikuwa ametandika shuka safi, madirisha wazi, redio inaimba.

Mlangoni mwa wodi muuguzi akanikabidhi mfuko. Ndani mna chupa moja isiyo na jina, ina kibandiko cha "kijiko kimoja" tu, na pakiti ya vidonge vidogo vyeupe, nayo haina maelezo.

"Kaka, dawa ya maji kila asubuhi, asikose hata siku moja. Ile ya kikohozi, akiacha kukohoa na yeye aache. Umeelewa?"

Huko nje dereva wa teksi anapiga honi kama anaoa.

"Nimeelewa, sista! Unaongea na msomi hapa!"

Haya, niambieni ninyi. Dawa ya maji ni ipi? Si ile inayomiminwa? Basi na mimi nikaelewa hivyohivyo. Kila asubuhi nabisha hodi na kijiko changu. "Dada, fungua mdomo!" Vidonge nikajua ndivyo vya kikohozi. Kikohozi kilipoisha, nikavifungia kabatini, nikajipongeza kwa utiifu wangu.

Dada akaanza kujaa. Na ninyi, msijifiche, mlikuja kumwona!

"Loo, mshonaji, umenawiri!"

"Mashavu hayo! Nyumbani ni nyumbani!"

"Mkono wangu huo," nikawa nasema, kifua mbele.

Dada mwenyewe akatania, "Ni viatu tu vimeninunia, havitaki kuniingia."

Aliyeshtuka ni mpwa wangu. Asubuhi moja nimefika na kijiko, akanivuta koridoni.

"Mjomba, mama halali. Anakaa kitini hadi kunakucha. Akijinyoosha anasema anazama."

"Joto hilo, mwanangu."

"Joto gani, Mjomba? Njoo uone!"

Akamfunua mama yake miguu, akabonyeza kwa kidole. Kidole kikaacha shimo, kama umebonyeza unga uliokandwa. Shimo likabaki palepale linatuangalia. Dada akataka kunitania, akatoa maneno mawili, pumzi ikakata. Utani wa dada yangu haujawahi kukatika tangu tuzaliwe! Hapo kijiko kikaniponyoka.

Mpwa akapiga simu wodini, bahati ikapokewa na muuguzi yuleyule. Akanipa mimi.

"Kaka, dawa ya maji anapata?"

"Hajakosa hata tone, sista!"

"Tone? Haja ndogo anakwenda?"

"Choo kimeshamsahau sura."

"Vile vidonge vyeupe viko wapi?"

"Vya kikohozi? Nimevifungia. Kikohozi kimeisha."

"Mungu wangu! Kaka, hivyo vidonge ndivyo dawa ya maji! Vinatoa maji mwilini! Unachomnywesha ni cha kikohozi! Mlete sasa hivi, mkalishe wima, usimlaze!"

Nilikwenda kabatini au niliruka, sijui. Gari langu la kubebea friji likawa la wagonjwa. Dada katikati, wima, mpwa kamkumbatia, mimi usukani namwita: "Dada, nitukane! Nitukane nikusikie!" Hatukani. Nikapiga honi kumshinda yule wa teksi, na watu wakapisha!

Getini kiti cha magurudumu kinatusubiri, muuguzi kakishika mwenyewe. Oksijeni, sindano, mlango ukafungwa. Tulikaa kwenye benchi, mpwa haniangalii. Mlango ulipofunguliwa, muuguzi anacheka: "Anaomba beseni kwa mara ya tatu!" Jamani, sijawahi kushangilia mkojo! Tulirukaruka pale, mlinzi akaja kutuuliza mpira ni wapi na wapi.

Muuguzi akaniambia, "Na mimi nimekosa. Nilikuuliza umeelewa. Sikukuuliza umeelewa nini."

Siku hizi wodini kwao hasemi mtu "dawa ya maji". Wanasema "kidonge cha kutoa maji", wanakishika mkononi ukione. Hutoki mpaka ndugu arudie maelezo kwa mdomo wake, na wakishakuruhusu wanakupigia nyumbani kuuliza unaendeleaje.

FUNZO

Kutoka hospitali si kupona. Ni kubadilisha mikono tu, toka ya muuguzi kuja yako, na hapo katikati ndipo mgonjwa anapodondoka. Ukiulizwa umeelewa, usijibu ndiyo. Rudia ulichoambiwa, dawa ukiwa umeishika, hata teksi ipasuke honi. Mgonjwa wa moyo akinenepa ghafla, msimsifie. Mrudisheni kwa daktari. Na ninyi mnaotibu, msiridhike na "nimeelewa" ya mtu mwenye haraka. Mtaa wenye afya haujengwi wodini peke yake, unajengwa na hao wanaopokea wagonjwa mlangoni.

Sasa naomba. Nani kati yenu ana mgonjwa anayeruhusiwa wiki hii? Anyooshe mkono, nimsindikize, tukasikilize wawili.

Nyoosheni basi.

Jamani, hata mmoja?