Kamba Iliyotakiwa Kuoza

Kila asubuhi maji ya bahari yanapotoka, Khairiya na bibi yake, Bimkubwa, walishuka pwani ya Kengeja kuangalia makumbi ya nazi waliyoyafukia matopeni. Waliyafukua, wakayasuuza na kuyaponda, kisha wakakaa kitako kusokota kamba mpaka viganja viwake moto. Khairiya alikuwa na miaka kumi na miwili, na kukaa kitako hakukuweza. Alichokipenda ni kuwasikia wavuvi wakisema kamba ya Bimkubwa haikatiki. Bimkubwa mwenyewe alijitia hasikii, lakini siku kama hiyo hata mbuzi hawakufokewa.

Huo ulikuwa mwaka 1943, vita vimepamba moto. Kamba nzuri za meli zilizokuwa zikitoka nchi za mashariki hazikuja tena, kwa kuwa Wajapani walikuwa wameziteka nchi hizo. Ame, baba yake Khairiya, alikuwa baharia katika meli iliyowapelekea askari chakula. Ndipo akaja Bwana Abrahman, mtafiti kijana aliyetumwa na serikali kutafuta dawa ya kuzuia kamba za makumbi, ambazo sasa meli zilipewa badala yake, zisioze. Alimwomba Bimkubwa asokote kamba mbili zilizo sawa kabisa. Moja aliichovya katika dawa ya magome ya mkandaa, mti wa mikokoni, akaipiga mafundo mawili. Ya pili hakuitia kitu, akaipiga fundo moja. Zote mbili akazifunga kwenye vigingi matopeni, zikae huko miezi minne.

Miezi minne ilikaribia kwisha. Siku tatu kabla ya kupimwa, jirani yao Mwanakhamis alipita na ndoo ya chaza, akacheka.

"Ee, Khairiya! Kamba ya bibi yako ishakuwa matambara! Na Alhamisi yapimwa mbele za watu!"

Khairiya alikimbilia kigingini. Kweli, kamba yenye fundo moja ilikuwa imechakaa vibaya. Aliona aibu mpaka masikio yakamchemka. Bibi yake achekwe na kijiji kizima? Alikwenda nyumbani akachukua kamba mpya, akaipaka tope, akaipiga fundo moja na kuifunga mahali pa ile mbovu. Ile mbovu akaifukia ndani ya shimo la makumbi la bibi yake.

Alhamisi saa mbili asubuhi watu walikusanyika. Bwana Abrahman alitundika kamba kwenye boriti, akawa anaongeza magunia ya mchanga moja moja. Kamba yenye dawa ilikatika kwenye gunia la saba. Kamba yenye fundo moja ilibeba tisa.

"Haikatiki kamba ya Bimkubwa!" wavuvi walipiga kelele. Khairiya alicheka nao. Kisha akamwona Bwana Abrahman ameketi juu ya gunia, uso umemshuka.

"Basi dawa haina faida," alisema. "Nitaandika hivyo. Barua itaondoka na lori la saa sita, na meli zitaendelea kupewa kamba zisizo na dawa."

Khairiya aliacha kucheka. Alimkumbuka baba yake, aliyewahi kusimulia jinsi mashua ya kuokolea watu inavyoteremshwa kutoka juu ya meli, watu wamo ndani, wameshikiliwa na kamba tu.

Tangu hapo hakutulia. Aliketi, akasimama. Alikwenda kisimani akarudi na ndoo tupu. Alitia chumvi mchuzini mara mbili. Kila gari lililosikika kwa mbali alitoka nje kuangalia kama ndilo lile lori. Huku nako maji yalikuwa yameanza kujaa, na shimo la makumbi karibu litafunikwa.

"Una nini we?" Bimkubwa aliuliza. "Leo hata kukaa hukai, waruka kama ntu aliyekalia siafu."

Khairiya alishindwa kujizuia. Alilia, akasema yote, tena haraka haraka. "Bibi, sikutaka wakucheke!"

Bimkubwa aliweka chini usumba, nyuzi za makumbi alizokuwa akizisokota. Hakufoka. Alimshika mkono, wakashuka pwani mbio, yule bibi kizee mbele. Waliingia maji ya magotini, wakafukua, wakaitoa kamba mbovu. Walipofika alipofikia Bwana Abrahman, wote wawili walikuwa tope tupu, naye alikuwa anaifunga barua.

"Bwana Abrahman, nisamehe," Khairiya alisema. "Kamba uliyoipima si ile. Mimi niliibadilisha."

Hasira ilimpanda Bwana Abrahman. Kisha akaichukua kamba, akawaita watu wale wale, akaitundika mbele yao. Ilikatika kwenye gunia la pili.

Watu hawakujua waangalie wapi. Bimkubwa ndiye aliyepiga kigelegele.

"Imekatika! Alhamdulillahi!"

Bwana Abrahman aliichana barua, akaandika nyingine. Aliandika kila kitu, hata kubadilishwa kwa kamba, akaomba kazi irudiwe kwa jozi kumi. "Miezi minne mingine, Khairiya," alisema. "Mabaharia watasubiri kwa sababu yetu. Ile kamba niliiacha bila dawa makusudi, ili ioze nijue tofauti. Utafiti ukidanganywa hata kidogo, unawadanganya wote watakaoutegemea."

Khairiya aliinamisha kichwa. Bimkubwa alimwinua kidevu.

"Mjukuu wangu, mie kuchekwa nachekwa, jioni nishasahau," alisema. "Ela babako akishika kamba siku ya shida, hana wa kumuuliza kama ni ya kweli. Siku ile atashika ukweli wetu au uongo wetu. Haya, kaa kitako. Kamba ishirini si mchezo."

Khairiya akakaa kitako, akasokota mpaka adhana ya alasiri, na hakuinuka hata mara moja.