Unguja Ndogo Tatu

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Léontine alichota ndoo mbili za maji, akafagia uwanja, akamwosha uso mdogo wake Gaston, kisha akapeleka uji hospitalini kwa mama yao. Yeye alikuwa na miaka kumi na miwili, Gaston mitano. Mama yao, Emilienne, alikuwa amelazwa katika hospitali ya Kasongo kwa majuma mawili sasa, mgonjwa wa homa ya mapafu. Baba yao, François, alikuwa mwashi. Alitoka nyumbani jua halijachomoza, akarudi limekwisha kutua. Huo ulikuwa mwaka wa 1948, Wabelgiji wakiitawala nchi, na mwashi aliyekosa kazini hata siku moja alijua yatakayompata.

Gaston alibaki peke yake mchana kutwa. Mara mbili majirani walimkuta anachezea moto. Basi shangazi yao wa Kabambare alipopata habari, akaandika barua.

"Nileteeni mutoto," Léontine alimsomea baba. "Huku chakula iko, nafasi iko. Mumupandishe kamyo ya Moustapha, namujua ni mutu mwema. Mimi Apolline, Unguja Ndogo."

François alicheka, na hakuwa amecheka tangu mkewe alazwe.

"Dada yangu na maringo yake. Tangu aolewe Kabambare, kalamu yake haijui tena kuandika Kabambare."

Ukweli ni kwamba miji mitatu iligombea jina hilo. Watu wa Kasongo walisema mji wao ndio Unguja Ndogo, kwa sababu wageni kutoka pwani walijenga kwao zamani, wakaacha kanzu, mpunga na misikiti. Watu wa Kabambare walisema hayo hayo juu ya mji wao. Watu wa Nyangwe, kule kwenye mto Lualaba, waliwacheka wote wawili. "Sisi tulikuwa tunauza na kununua wakati ninyi mko porini bado," walisema. Wanaume waliweza kubishana sokoni juu ya jambo hilo mpaka kahawa ikapoa, na kila mmoja alirudi nyumbani akiamini kwamba Unguja Ndogo ni moja tu, nayo ni yake.

Mtoto mdogo aliyesafirishwa kwa kamyo, yaani lori, bila mzazi alifungwa kitambaa shingoni, kama gunia la pamba linavyotiwa alama. Juu yake liliandikwa jina la mpokeaji na la mji.

"Utaandika wewe, mwenye shule," baba alimwambia Léontine usiku wa Jumapili. "Na umukabidhi Moustapha mikononi mwake. Usiondoke mpaka kamyo imeondoka. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

Léontine alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wasichana wote wa shule ya watawa, naye alijua hivyo. Alichukua kipande cha shuka nyeupe, akaandika kwa wino, polepole, herufi zikiwa zimesimama wima: APOLLINE, UNGUJA NDOGO. Lilikuwa jina lenye heshima. Shangazi angefurahi akiliona.

Jumatatu hiyo mkaguzi wa shule alikuwa anakuja, na Léontine alikuwa amechaguliwa kusoma mbele yake. Alimshika Gaston mkono, wakafika uwanja wa malori mbele ya ghala la pamba. Lori la Moustapha lilikuwepo, lakini Moustapha mwenyewe hakuwepo. Alikuwa amekwenda kuziba tairi. Pembeni lori jingine lilikuwa likipakiwa chumvi. Léontine hakulitazama.

Akangoja. Kengele ya shule ikalia mara ya kwanza. Akangoja tena, mguu mmoja tayari unaelekea njiani.

"Kaa hapa juu ya magunia," alimwambia Gaston. "Moustapha anakuja sasa hivi. Mwonyeshe kitambaa. Usikivue mpaka umwone shangazi."

"Yaya, unarudi?" Gaston alimwuliza dada yake.

"Wewe kaa tu."

Akakimbia. Mbele ya mkaguzi alisoma bila kukwama hata neno moja, na mkaguzi akampigia makofi.

Jioni baba aliuliza, huku akinawa mikono yenye udongo, "Ulimukabidhi Moustapha mikononi mwake?"

"Ndiyo, baba," alijibu Léontine. Alipopita uwanjani saa sita hakuwa amemwona Gaston wala lori la Moustapha. Basi, alijiambia, kuna tofauti gani?

Siku ya Alhamisi Moustapha alirudi kutoka Kabambare na barua ya Apolline mfukoni. Alikuja nayo mpaka mlangoni, akiwa na vumbi hadi kwenye kope.

"François, dada yako ananigombeza. Anasema mutoto iko wapi? Mimi sikupewa mutoto."

François alimgeukia binti yake. Kusema kweli lilikuwa jambo la maneno machache, lakini baba alikuwa anamtazama, na Moustapha alikuwa anamtazama, na uongo wa Jumatatu ulikuwa umekwisha kukaa pale kama mtu wa nne.

"Nilimpa mikononi mwake," alisema.

"Wewe mutoto," Moustapha alisema kwa sauti ya chini. "Unaniua."

Kabla ya jua kutua Moustapha alikuwa amekamatwa. Utingo wake alikuwa shemeji yake, na alipoapa kwamba hawakumwona mtoto, hakuna aliyemsadiki. Watu walikumbuka hadithi za zamani, za watoto waliochukuliwa na misafara ya wauza watumwa wasirudi. Watoto wa Moustapha walipokwenda kisimani, wenzao waliwaimbia, "Baba yenu anauza watu." Mtu mmoja akatupa jiwe juu ya bati la nyumba yao.

François aliacha kazi. Alipanda baiskeli, akafuata barabara ya Kabambare mpaka kivuko cha mto Luama. Huko, akihofu kwamba mtoto ameanguka majini, aliwaomba wavuvi wachome maji kwa miti mirefu, kuanzia kivukoni mpaka penye matete. Walitafuta siku nzima. Aliporudi Jumamosi alikuwa na tope mpaka magotini. Aliweka juu ya meza kiatu kimoja cha mtoto kilichookotwa ufukweni, akamtazama Léontine.

"Si chake, baba. Gaston alikwenda miguu mitupu."

François akaweka kichwa juu ya meza, kando ya kiatu kile. Léontine hakuwa amewahi kumwona baba yake akilia. Alitaka kusema. Alifungua kinywa, lakini sasa uongo ulikuwa umebeba watu wengi mno: Moustapha, watoto wake, wavuvi, baba. Aliogopa kwamba akiuangusha, wote watamwangukia yeye.

Hospitalini ilikuwa mbaya zaidi. Mama alikuwa amekonda mpaka bangili imemtoka mkononi. Hawakumwambia kitu, lakini kila siku aliuliza swali moja tu.

"Gaston amefika?"

"Barua haijaja, mama."

"Sitakula mpaka ije."

Na kweli uji ulikaa mpaka ukaganda. Muuguzi alimwita Léontine pembeni, akamwambia kwamba mgonjwa asiyekula hatapona, hata apigwe sindano ngapi.

Jumapili mchana, Léontine alipofika na bakuli lake, alimkuta mwanamke ameketi kando ya kitanda. Alikuwa Mwanvua, mke wa Moustapha. Alikuwa ameleta wali na mchuzi wa samaki, kama alivyokuwa akifanya tangu juma la kwanza la ugonjwa, kabla ya mambo haya kutokea.

Léontine akasimama mlangoni. Mwanvua akainuka, akamfuata nje.

"Usiogope. Sikumuambia mama yako kitu. Mugonjwa haongezewi muzigo."

"Mbona unamletea chakula?"

"Si yeye amemufunga bwana yangu." Mwanvua alikunja ukingo wa kanga yake, akaukunjua. "Kesho baraza litamuhukumu. Viboko vinane, kisha jela, na watampeleka mbali. Mimi sikuja kukulilia. Nataka nikuulize kitu kimoja. Alipomupokea mutoto, alimubeba kwa mukono gani? Mukono wake wa kuume hauinuki, ulivunjika zamani. Baraza wakikuuliza, usiseme wa kuume, watakujua unasema uongo."

Alisema hivyo bila ukali, kama mtu anayemwonyesha mwingine shimo njiani. Kisha akafunga kanga vizuri na kwenda zake. Léontine akabaki na bakuli mkononi, uji ukimwagikia miguu yake.

Asubuhi ya Jumatatu baraza la mji lilijaa. Mwamuzi, Mzee Atumani, alikaa katikati, wazee wawili kila upande. Moustapha alisimama kati ya askari wawili, macho chini. Askari mwingine, aliyeshika mjeledi wa ngozi ya kiboko, alikuwa tayari kwenye kona.

"Binti," alisema Mzee Atumani, "sema mbele ya watu ulivyosema kwa baba yako."

"Sikumpa."

Mzee Atumani aliinama mbele.

"Hukumpa nani?"

"Sikumpa Moustapha mtoto. Hakuwepo. Nilimwacha Gaston juu ya magunia, nikakimbia shule nikasome mbele ya mkaguzi. Halafu nikasema uongo. Moustapha hakumwona kabisa."

Nyuma mwanamke mmoja akapiga yowe. François alisimama, na askari akamzuia. "Siku saba," alisema François. "Nimechoma maji ya Luama siku nzima, na wewe unajua."

Ajabu ni kwamba aliyeinua mkono wa kushoto na kuomba nafasi alikuwa Moustapha.

"Mwacheni kwanza. Mutoto wa watu amepotea bado. Léontine, kitambaa uliandika nini?"

"Apolline, Unguja Ndogo."

"Hukuandika Kabambare?"

"Hapana."

Mzee Atumani aliegemea kiti chake. "Lakini Unguja Ndogo ni hapa hapa," alisema.

"Kwako wewe, mzee, ni hapa," alisema Moustapha. "Kwa Apolline ni Kabambare. Sasa nani alikuwa uwanjani siku ile? Kamyo ya chumvi ilikuwa ya nani?"

"Ya Assumani," alijibu mlinzi wa ghala.

"Assumani amezaliwa wapi?"

Hakuna aliyehitaji kujibu. Kila mtu sokoni alimjua Assumani wa Nyangwe, na kila mtu alikuwa amemsikia akiapa kwamba Unguja Ndogo ya kweli ni Nyangwe peke yake. Kwa muda wa pumzi moja chumba kizima kilikuwa na matumaini. Kisha mlinzi akaongeza kwamba Assumani hajarudi mpaka leo, na hofu ikaingia tena.

Baraza lilimfungua Moustapha saa ile ile. Angeweza kwenda nyumbani kwa watoto wake. Badala yake alisema, "François, panda. Na binti yako apande, yeye ndiye anajua kitambaa."

Barabara ya Nyangwe ilikuwa matope. Mara tatu walishuka kukata matawi na kuyaweka chini ya magurudumu. François alisukuma lori, akimpa binti yake mgongo. Karibu na mji walilikuta lori la Assumani limelala ubavu katika mtaro, springi imevunjika, na mwenyewe yuko chini yake amejaa grisi.

"Mutoto?" alisema Assumani, akitoka kwa kutambaa. "Nilimukuta peke yake analia. Nikasoma kitambaa, nikasema huyu ni wa kwetu. Nimezunguka Nyangwe nzima, Apolline hayuko. Nikamuacha kwa wavuvi. Nilisema nikirudi Kasongo nitauliza, na kamyo ndiyo hii munaiona. Lakini muende upesi. Ana homa."

Gaston alikuwa amelala juu ya mkeka katika nyumba ya mvuvi mmoja, karibu na maji. Midomo yake ilikuwa imepasuka na mbavu zimejitokeza. Mke wa mvuvi alikuwa akimpangusa kwa maji, lakini alishindwa kufika shingoni, maana mtoto alikuwa ameshika kitambaa kwa mikono miwili. Wino ulikuwa umechuruzika, na herufi zile nzuri hazikusomeka tena.

"Hataki kukiacha," alisema mwanamke. "Siku zote hizi. Hata akisinzia anakishika."

Léontine akapiga magoti. Gaston alifumbua macho, akamtazama kwa muda mrefu.

"Yaya, sikukivua," alisema. "Shangazi iko wapi?"

Hapo ndipo Léontine alipolia.

Wakati wa kurudi, Gaston alilala mapajani mwa baba yake, na Léontine alikaa katikati, kando ya Moustapha. Walipopita matope ya mwisho akasema, "Baba Moustapha, nisamehe."

Moustapha alipunguza mwendo, mkono wake mgonjwa umelala juu ya goti.

"Kuandika jina ambalo miji mitatu inagombea ni kosa la haraka," alisema. "Hata mimi ningelifanya. Kumuacha mutoto, hilo ni kosa kubwa, lakini ungelisema jioni ile ile, kesho yake tungemufuata tukamukuta muzima. Kosa lako lilimuleta Nyangwe. Uongo wako ndio ulimuacha huko siku saba, na mimi nikakaa jela. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Usingoje mpaka muzigo ubebwe na watu wengine. Nimekusamehe. Sasa mama yako, yeye utamuambia nini?"

"Yote," alisema Léontine.

Walikwenda hospitalini moja kwa moja. Muuguzi alimchukua Gaston kumpa dawa. Mama aligeuza kichwa polepole juu ya mto.

"Gaston amefika?"

"Amefika, mama," alisema Léontine. "Yuko hapa Kasongo, kwa muuguzi. Ana homa, lakini atapona. Hakwenda Kabambare. Na kosa ni langu. Ngoja nikuambie tangu mwanzo."

Alisimulia bila kuruka neno, na wali wa Mwanvua wa siku hiyo ulikuwa bado juu ya kijimeza. Alipomaliza, mama aliutazama wali ule. Kisha akanyoosha mkono uliokonda, bangili haiko tena.

"Nipe kijiko," alisema. "Nikipata nguvu, wewe na mimi tutakwenda kwa Mwanvua, na utaanza kusimulia upya, mbele ya watoto wake."