Kinya Ajibu Tena

Kila asubuhi Kinya alifungua duka la vitambaa pale Majengo, mjini Meru. Alipima, akakata, akakunja. Wateja walipopungua, macho yake yalizama katika rangi. Kitambaa chekundu kikawa udongo wa Meru. Cheusi kikawa udongo wa kwao Kiirua. Alijiona akipita juu ya mashamba hayo polepole, miguu mitupu, bila haraka yoyote.

Kinya alisomea udongo chuo kikuu. Alikuwa amehitimu miaka minne iliyopita. Kazi ya udongo hakuwahi kuipata.

Mwaka mmoja baada ya kuhitimu, chuo kilimtumia maswali kwa simu. Unafanya kazi gani? Umeridhika na masomo uliyopata? Kinya aliona haya. Akajibu kwamba yuko maabara na ameridhika sana. Kisha akasahau.

Sasa mdogo wake, Kendi, alikuwa amemaliza sekondari. Siku moja alikuja dukani akasema amechagua kozi ileile. Alikuwa amesoma ripoti ya chuo. Ilisema kwamba karibu wahitimu wote wa kozi hiyo wana kazi waliyosomea. Kinya alimsikiliza, mkasi umetulia mkononi.

Walipokuwa bado wanaongea, aliingia Kaburu, mfanyakazi wa chuo. Alikuwa akiwatafuta wahitimu ambao hawajajibu maswali mapya. Kinya alimuuliza majibu hayo huenda wapi. Kaburu alieleza kwamba jina huondolewa, na majibu huunganishwa na ya wengine. Walimu huyatumia kurekebisha masomo. Wazazi na vijana huyatumia kuchagua kozi.

"Ukificha shida, chuo kitadhani hakuna shida," alisema.

"Na aliyedanganya je?"

"Anaweza kusema ukweli leo."

Kinya alimgeukia mdogo wake. "Kendi, mimi nilidanganya. Katika ile ripoti uliyosoma, nami nimo."

Kendi alivuta kiti, akaketi karibu na dada yake.

Kinya akajibu yote. Anauza vitambaa. Kwa miaka minne chuoni alishika kifaa cha kupima udongo mara mbili tu. Shambani hawakupelekwa hata siku moja. Swali la mwisho liliuliza: kama ungeanza upya, ungechagua kozi hii tena? Kinya alitazama mbali, kana kwamba ukuta wa duka haupo.

"Ndiyo," alisema. "Lakini wanipeleke shambani."

Kumbe wahitimu wengi walijibu hivyo mwaka huo. Mwaka uliofuata, chuo kilianza kuwapeleka wanafunzi mashambani muhula mzima. Kendi aliingia kozi hiyo akijua ukweli wake. Huko Kiirua chuo kilihitaji mtu wa kuwaongoza wanafunzi, Kaburu akampigia Kinya simu. Wakulima wa viazi waliona kazi yake. Baada ya mavuno, kikundi chao kikamwajiri.

Siku yake ya kwanza katika kazi hiyo, ukungu wa mlima ulikuwa umelala juu ya viazi. Kinya hakuona mwisho wa shamba. Mkulima mmoja ambaye hakuwa amewahi kumwona, Mzee Bundi, alimuuliza kama yeye ni mwalimu au mgeni tu.

Kinya alichuchumaa, akachota udongo baridi, akaufinya kiganjani.

"Mimi ni mtaalamu wa udongo, mzee," alijibu.

Sauti yake haikutetemeka.