Kiatu cha Kushoto

Viatu vya kukimbilia havipimwi asubuhi. Hiyo ilikuwa amri ya Shangazi, mwenye duka, kwa sababu mguu wa asubuhi haujavimba, na ukiupimia kiatu utakusaliti ukiwa katikati ya mlima. Ndiyo maana kila Jumamosi saa nane mchana duka lake lilijaa wateja mpaka mlangoni, nusu yao wakiwa na soksi tu, wakipishana kama wako sebuleni kwao.

Siku hiyo mpimaji ardhi aliingia na suruali ya kazi yenye mifuko mingi, vumbi jekundu magotini, na haraka ya mtu aliyeegesha gari pasiporuhusiwa.

"Dada, naomba kiatu cha mlimani. Arobaini na tatu. Kimoja cha kila mahali."

Dada mwenyewe alikuwa amepiga goti mbele ya mteja mwingine, akimfunga kamba. Alivaa gauni la bluu la kazi, nywele kazifunga nyuma kwa utepe wa manjano, penseli kaichomeka juu ya sikio. Wateja walimwita Daktari, kwani hakuuza kiatu kipya kabla ya kuchunguza soli ya kile cha zamani.

"Cha kila mahali hakipo, kaka," alisema bila kuinua kichwa. "Vua hivyo ulivyovaa."

"Hapa hapa?"

"Unaona haya? Vua vyote viwili. Mimi sisomi kimoja."

Alivua. Daktari alivigeuza chini juu, akapitisha kidole gumba kwenye soli.

"Unapanda kwa vidole, vizuri. Unateremka ovyo, vibaya. Na kuna mzigo unaoubeba kwa bega la kulia kila siku."

"Kifaa cha kupimia ardhi," alisema yule bwana, na haraka yake ikamwisha. "Wewe ni mganga?"

"Nauza viatu. Mlima wako ukoje?"

"Chini msitu na tope. Juu mawe matupu."

Alimletea maboksi mawili. Mguu wa kulia alimvika kiatu chenye meno marefu yaliyoachana, ili tope lisigande katikati yake. Wa kushoto alimvika chenye meno mafupi, mpira laini unaong'ang'ania jiwe, na bamba jembamba chini ya vidole. Akampeleka nyuma ya duka, kwenye ubao uliowekwa mteremko, nusu udongo uliolowa, nusu mawe yaliyookotwa mtoni.

"Panda. Haya, teremka. Vidole vinagusa mbele?"

"Havigusi."

"Kwenye jiwe mguu upi umeteleza?"

"Wa kulia. Lakini kwenye tope wa kushoto ndio ulioniaibisha. Sasa nichukue kipi?"

"Cha mawe. Tope litakuchafua tu. Jiwe litakuvunja."

Alicheka, naye Daktari akacheka, na kwa kuwa wote wawili walikuwa wazima na hawana wenyewe, mambo hayakuchelewa. Aliondoka na viatu vya mawe na namba ya simu ya Daktari iliyoandikwa kwa penseli juu ya boksi, baada ya kumwachia yake.

"Mpimaji, umelala?" Daktari alipiga siku ya tatu.

"Nitalalaje? Najaribu kukumbuka ulivyosema kuhusu kisigino."

"Kisigino kimekuwa sababu sasa!"

"Ningesema macho, ungekata simu."

"Jaribu uone."

Wakapendana. Kila Jumamosi asubuhi Mpimaji alikwenda mlimani kujiandaa kwa mbio za mwisho wa mwaka. Mchana alipita dukani akinuka jasho, na Shangazi akamfukuza kwa kicheko. Siku moja alimwambia Daktari waziwazi, "Siku ya mbio, nenda ukaningojee kileleni kwenye meza ya maji. Nikifika nitakuuliza swali moja."

Daktari hakuuliza ni swali gani. Alikuwa anangoja swali hilo tangu siku ya ubao, na jibu alikuwa nalo. Jioni hiyo aliimba akipanga maboksi.

Halafu goti la kushoto la Mpimaji likavimba. Daktari wa hospitali, yule aliyesomea, alitazama picha na kumwambia gegedu, ule mto laini ulio kati ya mifupa ya goti, limelika: kukimbia basi, hasa kuteremka. Aje kila Jumamosi kwa mazoezi ya viungo, kisha atembee polepole kwenye lami.

Mtu mwenye akili angekwenda moja kwa moja kwa mpenzi wake na kumweleza. Mpimaji, aliyeweza kupima bonde zima asikosee hata kidole, alijikaza kisabuni.

"Vipi mlima leo, laazizi?"

"Mlima upo, mama. Umekusalimia."

Akadanganya hivyo wiki nane. Dukani akaacha kupita, kwa kisingizio cha kazi.

Wiki ya tisa, Jumapili, Daktari alimtembelea kwake na kamba mpya za viatu. Mlango ulikuwa wazi, na vile viatu vya mawe vilikuwa kwenye mkeka wa mlangoni. Mazoea hayana likizo: aliinama, akaokota kimoja, cha kulia, akakigeuza.

Meno ya mbele hayakuwa na mkwaruzo mpya hata mmoja. Kisigino kilikuwa kimelika, kwa ulaini ule unaoletwa na lami tu. Mpimaji alipotoka jikoni na bilauri mbili za juisi, alikuta uso uliofungwa.

"Jana ulikuwa wapi?"

"Mlimani."

"Hiki kiatu hakijaona mlima kwa miezi miwili. Kimetembea kwenye lami, tena mwendo wa taratibu, wa kupiga soga. Wewe mwenyewe huna mwendo huo. Unatembea na nani?"

"Sitembei na mtu."

"Kwa hiyo ulikuwa mlimani?"

Mpimaji aliziweka bilauri mezani, akazisogezasogeza.

"Nikuulize mara ya mwisho?"

"Mpenzi, kaa kwanza..."

"Sikai. Swali lako la kileleni kamuulize huyo unayetembea naye."

Alishuka ngazi kwa vishindo. Alifika barabarani ndipo akaona kile kiatu bado kiko mkononi, na hasira haikumruhusu kurudi. Alikitupa chini ya kaunta. Mpimaji alipiga simu mara kumi na moja, hakuna iliyopokelewa. Daktari alilia usiku, mchana akauza viatu, na ule utepe wa manjano akauacha nyumbani.

Zilipita wiki mbili. Jumamosi akaingia mwalimu mstaafu, mteja wa siku nyingi, na kiatu kimoja ndani ya mfuko.

"Kingine nimekisahau nyumbani, binti yangu. Angalia tu hiki."

"Samahani, mwalimu, sisomi kimoja. Mguu mmoja unaweza kuwa unafanya kazi ya mwenzake, nikakusingizia ugonjwa usiokuwa wako. Kalete na cha..."

Sentensi haikuisha. Shangazi aliweka miwani juu ya paji la uso.

"Malizia, mwanangu. Na kile kilichoko chini ya kaunta? Mwenzake ulimwona?"

"Shangazi, yule bwana amenidanganya."

"Amekudanganya, sawa. Mimi nimeuliza habari ya kiatu."

Daktari aliingia stoo, akapiga simu kabla moyo haujampoa.

"Halo? Mpenzi? Ni wewe?"

"Niletee cha kushoto."

"Cha kushoto cha nini?"

"Cha kiatu changu."

"Kimekuwa chako tangu lini?"

"Usinichekeshe, bado nimekasirika. Lete."

Alifika baada ya nusu saa, na shati jeupe lililopigwa pasi, ndala miguuni, kiatu kifuani. Toka mlangoni hadi kaunta ni hatua saba, na kwa mara ya kwanza Daktari alimtazama anavyotembea. Alivipanga viatu sambamba, akavigeuza.

Cha kushoto kilibaki vile vile kama siku za mlimani. Kisigino hakikuguswa na lami. Ukingo wa nje tu, mbele, ulikuwa na mkwaruzo mrefu, wa mguu unaoburuzwa kwa sababu mwenyewe anaogopa kuukanyagia. Mzigo wote ulibebwa na wa kulia.

"Unachechemea," alisema kwa sauti ndogo.

"Goti. Gegedu limelika. Nimekatazwa kukimbia, labda moja kwa moja."

"Na Jumamosi?"

"Hospitali, mazoezi. Halafu nazunguka ukuta wa hospitali mara nne."

"Na nani?"

"Na goti."

Daktari alifumba macho. "Nimelia wiki mbili nzima kwa sababu ya ukuta wa hospitali?"

"Nisamehe."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulinisifia ninavyopanda kabla hujajua hata jina langu. Nikasema, akijua sipandi tena, atabaki na nini? Na swali nililiahidi kule juu. Nilidhani nikishindwa kufika, nimelipoteza nalo." Macho yalimlowa, hakuyaficha. "Niliogopa, mama. Basi."

"Umekosa kunidanganya," alisema Daktari, "na usirudie, hata liwe jambo dogo kama ukucha. Mimi nimekosa kusoma kimoja. Kaa kwenye kiti."

Aliingia stoo, akarudi na maboksi mawili. Alipiga goti mbele yake kama anavyopiga mbele ya wateja wote, akamvika mguu wa kulia kiatu chenye sponji nene.

"Hiki ni laini kwa lami, lakini kinayumba. Goti lako halitaki kuyumbishwa." Akamvika wa kushoto kingine, kipana chini, kigumu kisigino. "Hiki kitakupeleka lami, changarawe, hata ile njia ya msituni mpaka kwenye benchi la kwanza. Zaidi ya hapo hapana."

"Kileleni je?"

"Kileleni kuna upepo tu na meza ya maji."

Mpimaji alishika mikono ya kiti, akataka kuteremka sakafuni.

"Unafanya nini?"

"Nilipanga kukuuliza nikiwa nimepiga goti."

"Goti lipi, hilo? Tulia hapo hapo. Mimi niko chini tayari. Uliza."

Mwalimu mstaafu aliacha kuvaa soksi. Shangazi alishusha miwani machoni.

"Utakubali nikuoe?" aliuliza Mpimaji.

Daktari alikaza kamba, akafunga fundo mara mbili, akabonyeza ncha ya kiatu kwa kidole gumba kuona vidole vilipofika. Chozi lilimdondokea juu ya ngozi mpya, akalifuta kwa mkono wa gauni.

"Nimekubali," alisema. "Sasa simama, nione kama kisigino kinacheza."